Bendi za mtaani zinapiga bure kuiokoa redio ya chuo. Kwetu inawezekana?

MtangazajiWaAlfajiri

Wakuu, salaam kwenu. Kwenye ule uzi wa redio za vyuo kukosa hela, mdau mmoja alimaliza mjadala kwa kusema "wafanye tamasha kama Wamarekani, bendi zipige, watu walipe, kwisha." Nilitaka kumjibu kule kule, nikaona nitajaza ukurasa wa watu. Nimefungua wa kwangu.

Nilisoma Ohio, na usiku mwingi niliumalizia kwenye redio ya chuo, chini ya jengo, kwenye chumba ambacho kuta zake zimefunikwa na santuri toka sakafuni hadi darini. Sikuwa nasomea habari. Redio za namna ile hazidai uwe mwanafunzi wa utangazaji. Injinia, nesi, anayesoma falsafa, hata mkazi wa mji ambaye hajawahi kukaa darasani pale, wote wanapewa kipindi wakishafundishwa mitambo na kufaulu jaribio la kanuni. Mgeni anaanzia saa mbaya. Mimi nilipewa saa 8 usiku hadi saa 11 alfajiri. Nikawa nawapigia Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajab madereva wa malori na wauguzi wa zamu, na simu zilikuwa zinaingia, msinicheke.

Sasa hilo tamasha. Kabla ya kuliiga, ujue kwanza lipo kwa nini.

Kule masafa ya chini ya FM, kuanzia 88 hadi karibu 92, yametengwa kwa redio zisizo za biashara. Ukipata leseni huko, huruhusiwi kupiga tangazo la kulipiwa. Aliyekuchangia unaweza kumshukuru hewani: ni nani, anauza nini, yuko mtaa gani. Hapo unakomea. Ukisema piza zake ni tamu kuliko za jirani, au zimeshuka bei, au "wahini", umeshavunja kanuni za FCC, mamlaka yao ya mawasiliano, kama TCRA yetu. Studio kwetu kulikuwa na karatasi imebandikwa juu ya mixa, imeandikwa kwa kalamu nene maneno ya kutosema: bora, nafuu, punguzo, njoo. Mwenye duka la piza akitoa boksi 10 kwa ajili ya wanabendi, unasoma jina lake na barabara aliyopo kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba.

Kwa hiyo matangazo hakuna. Chuo kinatoa chumba, umeme na kiasi fulani, mara nyingi kutoka kwenye michango ya wanafunzi, na kiasi hicho kinapunguzwa kila uongozi unapobadilika. Hela ya serikali nayo wengi hawaigusi. Lile shirika la CPB lililokuwa linagawa ruzuku za utangazaji wa umma lilikuwa na masharti ya wafanyakazi wa kuajiriwa na bajeti ya kiwango fulani, na redio inayoendeshwa na wanafunzi wa kujitolea haifiki hapo. Mwezi Julai 2025 Bunge lao lilipofuta dola bilioni 1.1 za CPB, redio kubwa za umma zilipiga kelele, kwa haki kabisa. Hizi ndogo nyingi zilikuwa hazijawahi kuiona hela yenyewe.

Halafu mitambo haisubiri. Mwaka 1948 FCC iliruhusu redio za elimu za wati 10, na vyuo vingi vikaanzia hapo. Mwaka 1978 wakageuza kanuni: wa wati 10 halindwi tena, anayetaka masafa yake yasivamiwe apande hadi wati 100 angalau. Transmita mpya, antena, injinia wa kupanda mnara, vyote vinataka hela ambayo wanafunzi hawana. Mambo ya namna hiyo ndiyo yalikuwa yakizipeleka redio hizi kwa wasikilizaji na bakuli mkononi: wiki ya kuchangisha hewani, fulana, bahati nasibu, na usiku wa bendi.

Usiku wenyewe ukoje? Usifikirie uwanja. Ni ukumbi wa wanafunzi, au baa, au chini ya kanisa. Mlangoni kuna meza, kisanduku cha chuma cha hela, na muhuri wa kugongwa mkononi, na ambaye hajafika miaka 21 anachorwa alama kubwa ya mkasi kwa kalamu nyeusi ili mhudumu wa baa asimuuzie bia. Bendi tano au sita, kila moja nusu saa. Drams ni seti moja kwa wote. Kila mpiga drams anakuja na snea yake, matoazi yake na pedali yake, anavifunga, anapiga, anavifungua, anapisha. Amplifaya ya besi nayo ni moja. Ukiona bendi inashusha makabati yake yote kwenye gari, ujue ni wageni wa shughuli hizi, na fundi mitambo atawafuata kuwaambia warudishe.

Fundi mitambo mwenyewe ni mwanafunzi aliyelala masaa matatu tu. Kabandika vipande vya utepe sakafuni kila mahali pa stendi ya kipaza sauti, na kila bendi ina rangi yake. Na kwa kuwa tamasha linarushwa moja kwa moja, kila kiongozi wa bendi anakumbushwa kitu kimoja kabla hajapanda: matusi hapana kabla ya saa 4 usiku. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi kanuni za lugha chafu zinalegea. Ndiyo maana bendi za panki zinapangwa mwisho, si kwamba ndizo kubwa.

Sasa nifike kwenye hoja yangu, maana hapo ndipo yule mdau wa juzi alipoteleza. Bendi zile hazikuja kwa huruma. Zilikuja kwa sababu zilikuwa zinadaiwa. Redio ile ndiyo iliyopiga kanda yao ya kwanza, iliyorekodiwa gereji, sauti ya besi imezama, jina la bendi limeandikwa kwa mkono. Hakuna redio ya biashara mjini iliyokuwa tayari kuigusa. Redio ya chuo iliipiga, ikataja siku wanayopiga na baa gani, na watu 30 wakaenda. Kwa bendi isiyojulikana, watu 30 wasio ndugu zake ni umati.

Mfano ambao wengi mtaujua ni Seattle. Chuo Kikuu cha Washington kilikuwa na redio inaitwa KCMU, iliyoanza mwaka 1972 kwa wati 10. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 chuo kikabana matumizi, redio ikageukia wasikilizaji wake. Waliokuwa wanatangaza pale kwa kujitolea ni watu kama Kim Thayil, ambaye baadaye mlimjua kama mpiga gitaa wa bendi ya Soundgarden, na Mark Arm wa bendi ya Mudhoney. Bruce Pavitt na Jonathan Poneman, walioijenga lebo ya Sub Pop, wote walikuwa na vipindi pale, na cha Poneman kilikuwa cha muziki wa nyumbani. Inasimuliwa kwamba mwaka 1988 Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, alipeleka mwenyewe singo ya kwanza ya bendi yake studio, akaondoka na gari akisikiliza, kimya, mpaka akasimama kwenye kituo cha mafuta kupiga simu na kuomba wimbo wake mwenyewe. Wakaupiga. Mtangazaji, mwanamuziki na mwenye lebo walikuwa kundi lile lile la vijana, na ukumbi ulikuwa ule ule. Mwaka 2001 KCMU ikawa KEXP, ambayo mnaiona YouTube kila siku.

Nilikokuwa mimi, jirani zetu wa Cleveland, WRUW ya Chuo cha Case Western Reserve, wana tamasha lao la nje linaitwa Studio-A-Rama tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hawatozi hata kiingilio. Bendi za mjini zinapiga mchana kutwa, usiku anapanda mgeni kutoka mbali, na redio inarusha yote. Hela wanaitafuta siku nyingine, kwa simu, kwa watu wale wale waliokaa kwenye nyasi.

Basi swali langu kwenu. Redio zetu za vyuo zipo: Mlimani pale UDSM, SAUT Mwanza, jirani zetu wana Salus kule Huye, Rwanda, na Campus FM Makerere, Uganda. Ikitokea mojawapo inataka transmita na inaita bendi tano za mjini zije kupiga bure, bendi gani itaona inadaiwa?

Uzi tayari.

---

Mpiga_Ridhimu

Mkuu, umeandika vizuri ila umenikera katikati. Mimi napiga gitaa la ridhimu Dar, mwaka wa ngapi huu sihesabu. Sentensi inayoniudhi kuliko zote kwenye kazi hii ni "njooni mpige, mtajulikana." Harusini wanatuambia hivyo, kwenye uzinduzi wa duka wanatuambia hivyo, hata kwenye msiba. Sasa na redio nayo?

Na kuna kitu umekiruka. Wewe unaongelea vijana wanne, gitaa mbili, besi, drams. Bendi ya dansi ni watu 12 hadi 15. Kuna waimbaji, wapulizaji, tumba, wanenguaji. Kuna vyombo ambavyo si vyetu, vina mwenyewe, na mwenye vyombo ndiye anaamua vinatoka au havitoki. Kuna gari la kubeba vyombo. Kuna nauli za wanamuziki kurudi Mbagala na Gongo la Mboto usiku wa manane. Tukipiga "bure" tumeshatumia hela.

---

MtangazajiWaAlfajiri

Kaka Mpiga_Ridhimu, hoja yako nzito na sitaizunguka.

Moja, hata kule kuna wanaolalamika hivyo hivyo. Tena wana sababu ambayo wengi hawaijui: sheria ya Marekani haizilazimishi redio za FM kumlipa aliyeimba wala aliyepiga kwenye rekodi. Anayelipwa ni mtunzi na mchapishaji. Kwa hiyo mpiga gitaa anapigwa hewani bila senti, halafu anaitwa kupiga tamashani bila senti. Kuna bendi zilitukatalia kwa hoja hiyo na tuliendelea kuzipiga.

Mbili, "bure" ya kule ilikuwa na mipaka. Fundi mitambo wa ukumbi analipwa. Bendi inayotoka mji mwingine inapewa ya mafuta. Chakula lazima kiwepo na kiwe cha moto. Bendi inauza kanda na fulana zake mlangoni, na redio haigusi hata shilingi ya mauzo hayo. Na rekodi ya usiku ule inarudi kwa bendi, siyo mali ya redio.

Tatu, ukubwa wa bendi. Hapo umenipata. Bendi ya watu 15 haiwezi kuchukua kanuni ya bendi ya watu wanne ikaivaa hivi hivi. Labda huku waitwe watu watatu wa bendi na magitaa makavu, yasiyotumia umeme, siyo bendi nzima. Lakini wewe uko ndani, wewe ndiye utuambie.

---

Mpiga_Ridhimu

Magitaa makavu watu watatu, tumba moja, hapo tunaongea. Hilo halimhitaji hata mwenye vyombo. Ila tuza ziwe zetu. Mtu akipanda kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, noti hiyo haiendi kwenye transmita.

---

Mzee_wa_Pugu_Road

Wanangu, nisomeni polepole, naandika kwa simu.

Huyu kijana anasema bendi gani itaona inadaiwa. Zamani wote walikuwa wanadaiwa na redio moja. Mpaka mwaka 1994 Radio One ilipoanza, Bara ulikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD) basi. Bendi ikitaka kusikika Kigoma na Songea inakwenda Pugu Road, inaingia studio, inarekodi nyimbo zake. Malipo yalikuwa kidogo na kanda inabaki kwao. Lakini wimbo unapigwa. Unapigwa nchi nzima, na bendi ikienda Tabora ukumbi unajaa, maana watu wameshaujua wimbo miezi mitatu kabla ya bendi kufika. NUTA Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Vijana, wote walipita mlango ule.

Na mnalijua jina Mlimani Park? Baa ilikuwa jirani na Chuo Kikuu, bendi ikaanzia hapo mwaka 1978. Wanachuo walikuwa wanashuka mlimani Jumamosi. Kwa hiyo msiseme chuo na bendi ni mambo ya Wazungu. Kilichokosekana wakati ule ni redio ya chuo tu.

---

MtangazajiWaAlfajiri

Shikamoo mzee. Hapo umenipa kitu. Tofauti ninayoiona ni kwamba RTD ilikuwa moja, na mlango ukifungwa umefungwa. Kule kila mji una mlango wake mdogo, na ukifungiwa huu unajaribu wa mji wa pili. Lakini hilo la wimbo kutangulia kufika kabla ya bendi, ndilo hasa nililokuwa nataka kulisema na nimeshindwa kulisema vizuri kama wewe.

---

Mwaka_wa_Pili

Shikamooni wakubwa. Mimi niko kwenye redio ya chuo, chuo nisikitaje. Niwape picha ya ndani.

Orodha ya nyimbo kwenye kompyuta yetu ni ile ile ya redio kubwa za mjini. Wimbo ukiwa mkubwa Dar, wiki hiyo hiyo uko kwetu. Nikamuuliza mtu wa vipindi kwa nini tusiwe na saa moja ya bendi za hapa mkoani, akasema wasikilizaji watahama. Siku nyingine kijana wa hapa mtaani alileta wimbo wake kwenye flashi. Alimkuta mtangazaji wetu mmoja mlangoni. Akaambiwa "utoe ya soda." Elfu 20. Ya soda elfu 20! Kijana akaondoka na flashi yake.

Sasa mkuu, huyo kijana tumwite aje kutuchangia?

---

MtangazajiWaAlfajiri

Mdogo wangu, umeeleza kwa mistari michache nilichokizunguka kurasa mbili. Huyo hadaiwi. Tena ninyi ndio mnamdai, kwa maana ya kutaka kumtoza, na anajua.

Kule kutoza msanii ili apigwe bila kutangaza hewani kwamba umelipwa ni kosa la sheria tangu mwaka 1960, baada ya kashfa kubwa ya watangazaji kula hela za kampuni za santuri. Sisemi wameacha kabisa kwenye redio za biashara. Ila kwenye redio ya chuo, mtangazaji wa saa 8 usiku nani ataenda kumhonga, na amhonge kwa lipi?

Hilo la wasikilizaji kuhama nalo nilisikia kule. Jibu la mkuu wetu wa muziki lilikuwa kali: wakitaka wimbo uliopo kila mahali, kila mahali upo. Akaweka kanuni kwamba kila saa mtangazaji lazima apige idadi fulani kutoka rafu ya bendi za nyumbani, na rafu hiyo ilikuwa mlangoni kabisa ili asiwepo wa kusema hakuiona.

---

Mama_Kisumu_Ndogo

Habari zenu ndugu wa Bongo. Mimi ni Mkenya, nasoma tu humu lakini leo nimeshindwa kunyamaza.

Sisi hatuna shida ya kuchangisha, harambee tumezaliwa nayo. Shida ni mgeni wa heshima. Ukiandaa konsati ya kuchangia redio ya chuo, kamati itakaa mara ya kwanza na kuuliza, "Guest wa siku ni nani?" Ataitwa mheshimiwa. Mheshimiwa atakuja amechelewa na watu wake, bendi itakatwa katikati ya wimbo ili aongee, ataahidi laki tano, vyombo vya habari vitaandika, na ahadi itaandamana naye kurudi Nairobi. Keshoye mtangazaji wenu hawezi kumtaja mheshimiwa huyo kwa ubaya hata barabara ikimshinda.

Hizo hela ndogo ndogo za mlangoni, hapo ndipo nimependa. Mtu mia moja wakitoa kidogo kidogo hakuna hata mmoja wa kukupigia simu kukuambia usome nini.

---

Mpiga_Ridhimu

Dada umemaliza. "Bendi itakatwa katikati ya wimbo ili aongee." Nimetokwa na machozi ya kicheko, imeshanitokea. Tena solo ilikuwa imekolea.

---

Kitunguu_Swaumu

Samahani naingiza mguu. Redio si ya chuo? Kwa nini chuo kisilipe? Mbona maktaba haifanyi tamasha?

---

MtangazajiWaAlfajiri

Swali zuri, na jibu lake linatisha kidogo.

Leseni kweli ni ya chuo. Maana yake chuo kinaweza kuiuza. Januari 18, 2011, saa 4 asubuhi, Chuo Kikuu cha San Francisco kilizima transmita ya KUSF kipindi kikiwa hewani. Masafa yalikuwa yameuzwa kwa mtandao wa redio za muziki wa klasiki, kwa dola milioni 3.75, na waliokuwa wanajitolea pale hawakuambiwa kabla. Mwaka huo huo Chuo cha Rice, Houston, kikakamilisha mauzo ya KTRU kwa Chuo Kikuu cha Houston, dola milioni 9.5. KTRU ilikuwa na wati 50,000. Wanafunzi walihamia intaneti, na mwaka 2015 wakarudi FM kwa leseni ndogo ya nguvu hafifu. Kutoka wati 50,000 hadi redio inayosikika mtaa wa pili, lakini wamerudi.

Wenye bahati na akili ni WFMU wa New Jersey. Walikuwa redio ya Chuo cha Upsala tangu 1958. Chuo kilipoanza kuyumba, waliokuwa pale walichukua leseni kwa jina lao wenyewe kabla hakijafungwa mwaka 1995. Chuo kimekufa, redio ipo mpaka leo Jersey City, inaishi kwa hela za wasikilizaji.

Na kwa wapenda vichekesho: redio ya wanafunzi wa MIT iliitwa WTBS. Ted Turner alitaka herufi hizo kwa ajili ya televisheni yake kule Atlanta. Mwaka 1979 wanafunzi walikubali kuziachia, akawachangia dola 50,000 za mitambo. Wakajiita WMBR, wakanunua transmita. Hakuna tamasha lililowahi kuingiza hivyo kwa herufi nne.

Kwa hiyo Kitunguu, tamasha halilipi bili zote. Usiku mmoja mzuri unanunua vipaza sauti na kukarabati mixa. Kazi yake nyingine ni kumwonyesha mkuu wa chuo watu. Siku wakikaa kujadili kuuza, wawepo wa kujaa barazani. KUSF walijaa, wakaandamana, wakakata rufaa FCC, wakashindwa. Lakini vyuo vingine viliona.

---

Bando_Limekata

Yote haya ya nini, kijana wa leo anasikiliza muziki kwenye simu. Redio imekufa, tuzike.

---

MtangazajiWaAlfajiri

Mkuu, redio ya kwanza kurusha matangazo yake moja kwa moja kwenye intaneti ilikuwa ya chuo: WXYC ya North Carolina, Novemba 7, 1994. Hao unaowazika ndio walikuonyesha njia ya hiyo simu.

Na simu haikuambii kwamba kesho saa 2 usiku bendi ya watoto wa Mazimbu inapiga pale karibu na stendi.

---

Mzee_wa_Pugu_Road

Mimi naongezea la vibali. Mkifanya onyesho la kiingilio huku lazima mpite BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kupitia afisa utamaduni, na polisi. Msije mkajaza ukumbi halafu umeme ukazimwa saa 3. Anzeni mapema, mwezi mzima kabla.

---

Mwaka_wa_Pili

Wakuu, nimeongea na mtu wa vipindi leo. Nimempa sehemu ya uzi huu asome (siyo ile ya soda). Amekubali nusu saa, Alhamisi, saa 3 usiku, majaribio ya muhula mmoja. Sharti lake nyimbo ziwe zimerekodiwa vizuri kiasi cha kusikika, na nisizidi bendi mbili kwa kipindi. Tamasha hataki kulisikia kwa sasa.

Nianzie wapi?

---

MtangazajiWaAlfajiri

Umepata kikubwa kuliko tamasha, usilitaje tena mpaka muhula uishe.

Nunua daftari, siyo kompyuta. Kila wimbo unaoletwa, andika aliyeleta, namba yake, nani mtunzi, umepigwa siku gani. Msanii akipita kuuliza, unamfungulia ukurasa anaona tarehe. Usipokee hata chupa ya maji. Kila kipindi kitaje bendi hiyo inapiga wapi wiki hii, hata kama ni kwenye harusi ya watu. Na kama mnaweza kuwarekodi pale pale studio, vipaza sauti viwili vinatosha kwa gitaa kavu na sauti. Kimoja kiweke karibu na tundu la gitaa lakini kisilitazame moja kwa moja, kiinamishe kidogo kuelekea shingoni, vinginevyo besi itameza kila kitu. Wape nakala siku hiyo hiyo.

---

Mpiga_Ridhimu

Na wewe mwanachuo, nenda ukumbini ukawasikilize kabla hujawaita. Usimwite mtu hewani hujui hata anapiga nini.

---

Bendi_ya_Msamvu

Samahani, mimi mgeni humu, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Tuko watu watano Morogoro, tuna nyimbo nne tulizorekodi wenyewe, hazijapigwa redio yoyote. Mwanachuo hajasema yuko mkoa gani. Kama ni Dodoma tunafika kwa basi na kurudi siku hiyo hiyo, magitaa mawili na tumba vinaingia kwenye buti. Nyimbo nitume kwa njia gani?

---

Mwaka_wa_Pili

Nimekutumia ujumbe wa faragha. Tuma zote nne, ila jina la mtunzi liandike kwenye kila moja, nina daftari la kujaza.